Magego ya Mtoto Yakilegea Kabla ya Wakati

Mtoto wa miaka sita kung'oka meno ya mbele ni jambo la kawaida, wala hakuna mzazi wa Kakamega atakayeshtuka. Lakini magego yake kwa desturi hungoja hata miaka kumi. Yakilegea mapema bila kuoza, na taya likivimba upande mmoja, hayo si maradhi ya jino. Wako wazazi wanaokimbilia kung'oa. Uvimbe hubaki palepale, na siku hupotea.

Yawezekana ni saratani ya Burkitt. Daktari mpasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958, baada ya kuwaona watoto katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr kiligunduliwa ndani ya uvimbe huo. Watu wengi wanacho kirusi hicho bila kudhurika. Lakini malaria ya mara kwa mara, kama ilivyo magharibi ya Kenya, humdhoofisha mtoto na kukipa nafasi. Kumbe chandarua hulinda hata taya!

Mpelekeni mtoto hospitali kuu ya Kakamega siku ileile, kipande kidogo cha uvimbe kipimwe. Uvimbe huu huweza kukua maradufu kwa siku chache, lakini dawa huuyeyusha upesi, na wengi waliowahi wamepona. Dawa zenyewe huleta vidonda vya kinywa na kupunguza chembe nyeupe za damu. Kwa hiyo mswaki uwe laini, mtoto asukutue kwa maji ya chumvi, wala jino lolote lising'olewe mpaka daktari anayempa dawa hizo akubali.