Jina Moja, Mipaka Mbalimbali

Barua iliyoandikwa “Kusini” tu, bila ya neno jengine, yaweza kupelekwa pahala patatu: Wilaya ya Kusini, yenye Makunduchi, Mkoa wa Kusini Unguja, wenye wilaya hiyo pamoja na ya Kati, au Mkoa wa Kusini Pemba, wenye wilaya za Chake Chake na Mkoani. Ikipotea njia, anayesumbuka ni mwananchi anayesubiri haki yake.

Chanzo ni kwamba kila taasisi hugawa nchi kwa mujibu wa kazi yake.

Kwanza, utawala. Zanzibar ina mikoa 5, na chini yake wilaya, kisha shehia. Sensa ya 2012 ilihesabu wilaya 10. Ile ya 2022 ilihesabu 11, kwa kuwa Wilaya ya Magharibi imegawiwa kuwa Magharibi A na Magharibi B. Mwenye kulinganisha takwimu za miaka hiyo miwili hana budi kuzijumlisha A na B kwanza. Asipofanya hivyo atadhani watu wamehama.

Pili, uchaguzi. Tume ya Uchaguzi hutumia majimbo, na mipaka yake hupitiwa upya. Majimbo yalikuwa 54 mwaka 2015, yakawa 50 mwaka 2020, ilhali mikoa ilibaki ile ile 5. Kwa hiyo jimbo halitoshi kuwa anwani.

Tatu, hali ya hewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huziweka Unguja na Pemba katika pwani ya kaskazini, pamoja na Tanga, Pwani na Dar es Salaam. Mvuvi wa Kizimkazi, aliye kusini mwa Unguja, asikilize tahadhari ya pwani ya kaskazini, asidhani kuwa haimhusu.

Tahadhari zaidi yatakiwa kwa jina la Mkoani, ambalo ni mji na pia ni wilaya. “Amehamishiwa Mkoani” na “amehamishiwa mkoani” ni habari mbili, na herufi moja tu ndiyo inayozitenga.

Hivyo basi, watendaji na wananchi wanakumbushwa kuandika shehia, wilaya na mkoa kwa ukamilifu, kila jina litanguliwe na daraja lake, mathalan “Wilaya ya Mkoani, Mkoa wa Kusini Pemba”. Penye takwimu, mwaka wa mipaka iliyotumika nao utajwe.