Viti vya Basi la Shule: Mwongozo kwa Madereva, Matroni na Walimu wa Karatu na Ngorongoro

Mei 6, 2017, Jumamosi asubuhi, basi dogo la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni huko Marera, Rhotia, likiwapeleka wanafunzi wa darasa la saba kufanya mtihani wa majaribio Karatu. Walifariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walinusurika. Jumlisha: watu 38 ndani ya basi dogo moja. Kesi iliyofunguliwa baadaye Arusha ilihusu, pamoja na mengine, kuzidisha abiria.

Ajali ile haikutokea kwenye ruti ya kila siku, na hilo lina uzito wake. Ruti ya kila siku ina orodha na matroni anayewajua watoto kwa majina. Safari ya mtihani, michezo au mahafali hupangwa haraka, gari ni moja, na kila mtu anataka tripu iwe moja. Idadi ya abiria wa safari kama hizo ifungwe siku moja kabla. Wakizidi, litafutwe gari la pili au safari iahirishwe.

Kikomo ni idadi ya abiria iliyoandikwa kwenye leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Mtoto wa chekechea ni abiria mmoja, na wa darasa la saba vilevile. Kauli ya “hawa wadogo, wabanane watatu kwenye siti ya wawili” haimo kwenye leseni yoyote, na mkanda mmoja haufungi watoto wawili. Daladala ziliwahi kulazimishwa levo siti, yaani kila abiria akae na asiwepo wa kusimama, wakati wa korona mwaka 2020 na zikaendelea kutembea. Basi la shule halina kisingizio. Hesabu ianze na watu wazima: leseni ikiruhusu abiria 26, matroni na mwalimu wakishakaa, zimebaki nafasi 24 za wanafunzi. Dereva naye awe na daraja linalostahili: C1 kwa gari la abiria 15 hadi chini ya 30, C kwa abiria 30 na kuendelea.

Anayestahili kupanda ni mwanafunzi aliye kwenye orodha ya ruti hiyo, pamoja na watumishi wa safari. Mdogo wake ambaye hajasajiliwa hapandi. Jirani anayeomba lifti hapandi, hata akiwa mzee wa heshima. Dereva amwambie kwa adabu kwamba gari ni la watoto. Gunia la vitunguu vya Mang’ola nalo lisiwekwe kwenye njia ya katikati, kwa kuwa ndiyo njia ya kutokea.

Viti visipotosha, umbali peke yake usiwe kigezo. Watangulie wadogo na wenye ulemavu, kisha wanaotoka vijiji vinavyopakana na msitu wa Ngorongoro, ambako tembo na nyati hukatiza njia alfajiri. Suala la ada ya usafiri lizungumzwe na mzazi mapema. Mtoto aliyeletwa na basi asubuhi arudishwe nalo jioni hata kama anadaiwa. Kumshusha njiani giza likiingia ni kosa ambalo hakuna deni linaloweza kulihalalisha.

Lami ya kutoka Makuyuni inaishia Loduare, lango la kuingilia Ngorongoro. Mbele ya hapo ni changarawe, kona na ukungu mzito ukingoni mwa kreta, hivyo ratiba iruhusu mwendo wa polepole. Kwa ziara za kreta, basi halishuki. Ni magari ya magurudumu manne tu. Watoto wakihamishiwa humo, viti vihesabiwe upya gari kwa gari, na kila gari liwe na mtu mzima mwenye orodha yake.

Orodha iandikwe nakala mbili, moja ibaki ofisini. Mwalimu wa zamu asimame mlangoni, ahesabu wanaopanda, asaini, ndipo dereva awashe gari. Idadi ikizidi hata kwa mmoja, mwalimu asisaini na dereva asiondoke, na asiwepo wa kuwaadhibu kwa kuchelewa.