Chati Nayo ni Mizani



Ndugu zangu katika imani, mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si takwimu. Naandika kuhusu chati kwa sababu niliwahi kuwadhulumu watu kwa chati.

Ilikuwa baada ya Ramadhani. Nilipewa kazi ya kuonyesha michango ya futari kwenye mkutano wa wanafunzi Waislamu hapa Kampala. Akina kaka walikuwa wametoa shilingi 500,000, akina dada 460,000. Nikachora nguzo mbili kwa kompyuta, na namba za pembeni zikaanzia 450,000 badala ya sifuri. Nguzo ya akina kaka ikawa ndefu mara tano kuliko ya akina dada. Minong'ono ikaanza. Dada mmoja akasimama: "Kaka, kwani sisi tulifuturu bila kuchangia?"

Namba zote zilikuwa sahihi. Tofauti ya kweli ilikuwa shilingi 40,000, yaani asilimia 8 tu. Lakini macho yalikwisha kuhukumu kabla namba hazijasomwa.

Surat al-Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo. Darasani niliisoma nikiwafikiria wauza nafaka. Siku ile nikajifikiria mimi. Msomaji wa chati ya nguzo hupima kwa urefu. Ukikata sehemu ya chini, umempunja.

Tangu hapo nashika mambo manne:

1. Nguzo zianzie sifuri. Grafu ya mstari, inayoonyesha kupanda na kushuka, yaweza kuanzia namba nyingine, mradi ionekane wazi.

2. Kwa kulinganisha, nguzo ni bora kuliko duara. Mwaka 1984 watafiti William Cleveland na Robert McGill walionyesha kwamba watu hukadiria vizuri zaidi vitu vilivyopangwa kwenye kipimo kimoja kuliko pembe na maeneo. Vipande vya duara vikikaribiana ukubwa, jicho hubahatisha.

3. Rangi isibebe maana peke yake. Wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, na karatasi zetu nyingi ni fotokopi nyeusi na nyeupe. Andika jina na kiasi kwenye kila nguzo.

4. Linganisha vinavyolingana. Kabla ya kuchora, uliza: hawa ni wangapi?

Hili la nne ndilo lililoniumiza zaidi. Nilipofungua orodha ya waliochangia, niliwakuta akina kaka 50 na akina dada 40. Kwa wastani, kaka alitoa shilingi 10,000, dada 11,500. Niliowaonyesha kuwa nyuma ndio waliokuwa mbele.

Mkutano uliofuata nilileta chati mpya, nikaomba msamaha mbele ya wote. Ndugu yangu, utakapochora chati ya ripoti, ya utafiti au ya kamati, kumbuka kuwa umeshika mizani ya watu. Usiipunje.

Wabillahi tawfiq.