Mwenzi Anapougua Akili na Kukataa Hospitali



Tuseme mama mmoja wa Likoni. Mumewe hajalala usiku wa nne sasa. Anadai majirani wametia sumu katika mtungi wa maji, na jana alimkimbiza kijana wake kwa panga. Akitajiwa hospitali hujibu, "Mgonjwa ni wewe!" Mashemeji wanataka afungwe kamba apelekwe kwa mganga. Mama anauliza: je, niende kortini nikamshtaki baba watoto?

La, mama. Mlango wa kwanza si korti. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, ya 1989, iliweka njia kwa mgonjwa asiyeweza kuamua mwenyewe kuhusu matibabu: ombi huandikiwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili, likiambatana na maoni ya daktari aliyempima. Na ilimtaja nani kwanza kuwa mwombaji? Mume au mke, au jamaa. Mtu mwingine akiomba, ilimbidi aeleze kwa nini hao hawakuomba. Kwa hiyo usiingoje familia nzima ikubaliane huku panga liko chini ya kitanda. Kutia sahihi si kumsaliti. Siku ya arusi mliahidiana afya na ugonjwa, na huu ni ugonjwa.

Sheria ilirekebishwa mwaka 2022, basi waulize wahudumu wa hospitali fomu na muda wa kulazwa unaotumika sasa. Marekebisho hayo yaliandika pia haki za mgonjwa: aheshimiwe na ashirikishwe katika mipango ya matibabu yake. Kamba na minyororo ya nyumbani haimo.

Kwa sisi wa bara, hospitali ya Port Reitz, Changamwe, ina wodi ya wagonjwa wa akili. Mwenye wasiwasi kama huyo usimbane katika msongamano wa feri; kutoka Likoni barabara ya Dongo Kundu hukufikisha upande huo bila kuvuka kivuko. Mchukue ndugu anayemwamini. Mwambie kweli mnakokwenda, kwa maana akidanganywa leo, kesho hatameza hata dawa ya kichwa mkononi mwako. Akiwa hatari kabisa, mwone chifu au mkuu wa kituo cha polisi. Sheria ya 1989 iliwapa uwezo wa kumchukua mtu wa namna hiyo na kumfikisha hospitalini.

Mahakama Kuu ina kazi yake, hasa mali. Mgonjwa akishindwa kusimamia mshahara, nyumba au shamba, jamaa huomba ateuliwe msimamizi, akileta ushahidi wa daktari. Hata akiteuliwa hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba au shamba bila idhini ya mahakama, na hutakiwa kutoa orodha ya mali. Ni vizuri hivyo. Tusifichane: wako wanaomwita mwenzi "kichaa" wakitafuta hati ya kiwanja, au nafasi ya kuleta mke mwingine. Daktari na hakimu wako pale kwa ajili ya huyo anayesingiziwa pia.

Akitulia na kurudi nyumbani, ongeeni wawili, watoto wakiwa wamelala. Mwulize: ugonjwa ukirudi, ungependa nani akushike mkono, na upelekwe wapi? Yaandikeni majibu, mtie sahihi, karatasi iwekwe pamoja na cheti cha ndoa.