MADA: SABABU ZA KUTENGENEZA PICHA DHAHANIA

Swali: Kwa kutumia mifano, fafanua sababu nne zinazowafanya wapigapicha watengeneze picha dhahania.

Jibu

Picha dhahania ni picha ambayo mtazamaji hatambui kwa urahisi kitu kilichopigwa. Anachokiona kwanza ni mistari, maumbo, mwanga, kivuli au rangi. Wapigapicha huzitengeneza kwa sababu zifuatazo:

(i) Kuonyesha umbo badala ya kitu. Mwaka 1916, Paul Strand wa Marekani alipiga vivuli vya baraza vilivyoangukia meza. Ukiitazama picha hiyo, huioni meza upesi. Unaona milia myeusi na myeupe.

(ii) Kueleza hisia. Kuanzia mwaka 1922, Alfred Stieglitz alipiga picha nyingi za mawingu. Hakutaka kuonyesha hali ya hewa, bali mawingu yawakilishe aliyoyahisi moyoni.

(iii) Kuthibitisha kwamba kamera hainakili tu. Alvin Langdon Coburn alitumia vioo vitatu vilivyoivunja sura ya kitu vipande vipande. Picha hizo alizionyesha London mwaka 1917.

(iv) Kumfundisha mtazamaji kuona. Aaron Siskind alisogelea kuta zilizobanduka rangi na mabango yaliyochanika. Ukuta ambao watu huupita kila siku ukawa kitu cha kusimama na kukitazama.

Kwa kuhitimisha, picha dhahania haikwepi ukweli; huchagua sehemu ya ukweli ambayo jicho limeizoea mno.

Makosa ya kuepuka

- Usiandike “kwa sababu zinapendeza” ukaishia hapo. Hiyo ni sifa, haijawa hoja. Kila hoja iwe na sababu, mfano, na maelezo ya jinsi mfano unavyoithibitisha sababu hiyo.
- Usiseme kila picha yenye ukungu ni dhahania. Picha iliyotikisika kwa bahati mbaya ni kosa. Picha dhahania hutengenezwa kwa kusudi.

Zoezi

Toboa tundu la mraba katikati ya karatasi. Kupitia tundu hilo, tazama kwa karibu bati lenye kutu au kivuli cha nondo za dirisha la darasa. Chora unachokiona bila kuandika jina la kitu, kisha eleza ni sababu ipi kati ya hizo nne inayohusika. Ukiweza kuitetea kwa sentensi tatu, swali hili halitakushinda.