Mwalimu wa Nasari Naye Afundishwe

SOMO LA JUMA
Maandiko: Matendo 18:24–28, Kutoka 35:30–35, 2 Timotheo 1:5 na 3:14–15

Soma kwanza Maandiko hayo katika Biblia yako, ndipo uendelee na somo.

Makanisa mengi ya mitaa yetu yana kazi mbili. Jumapili ni nyumba ya ibada. Jumatatu asubuhi viti vinasukumwa kando, mikeka inatandikwa, na jengo lile lile la mabati linakuwa nasari. Pita Mukuru, Mathare au Kibera, utajionea. Mama anayeenda kutafuta kazi ya kufua nguo anamwacha mtoto wake wa miaka 4 mikononi mwa kanisa, arudi jioni. Hii ni huduma njema, na Bwana aliyewakumbatia watoto katika Marko 10 anaiona.

Lakini kuna swali ambalo hatupendi kuliuliza: yule dada anayebaki na watoto siku nzima, nani amemfundisha kazi hiyo?

Mara nyingi tunamchagua hivi: ameokoka, anapenda watoto, amemaliza kidato cha nne, na hajapata kazi. Tunamwombea, tunamkabidhi chaki, tunasema Bwana atamwezesha. Amina, Bwana huwezesha. Basi tuangalie katika Neno jinsi anavyowezesha.

1. Moto wa Apolo ulihitaji mafundisho

Apolo wa Aleksandria hakuwa mtu mdogo. Aliyajua Maandiko, alijua kusema, na roho yake ilikuwa inawaka. Hata hivyo Luka anatuambia alijua ubatizo wa Yohana tu. Alikuwa na bidii kuliko maarifa.

Tazama walichofanya Prisila na Akila. Hawakumnyamazisha mbele ya sinagogi. Hawakusema, "Mwacheni, si ana upako?" Walimchukua kwao, wakakaa naye, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Na hawa wawili walikuwa watu wa kazi za mikono, mafundi wa mahema. Walitoa muda wao na nyumba yao ili mtumishi mwingine aive.

Matunda yalionekana ng'ambo ya bahari. Apolo alipofika Akaya, aliwasaidia sana walioamini. Waumini wale hawakuwepo siku Prisila alipokuwa akimfundisha, lakini walikula matunda yake. Ukimfundisha mwalimu mmoja wa nasari, umewagusa watoto wa miaka ishirini ijayo ambao majina yao huyajui.

2. Ujuzi nao ni kazi ya Roho

Sisi Wapentekoste tunapenda kusikia habari za kujazwa Roho. Basi msome Bezaleli. Mungu alimjaza Roho, na ishara yake ilikuwa nini? Alijua kuchonga mbao, kukata mawe na kufanya kazi ya dhahabu na shaba. Zaidi ya hapo, Kutoka 35:34 inasema Mungu alitia moyoni mwake, yeye na Oholiabu, kuwafundisha wengine. Hema ya kukutania haikujengwa kwa bidii peke yake. Ilijengwa na watu waliojua kazi na waliofundisha wenzao.

Mtoto wa miaka 4 ni kazi nyeti kuliko dhahabu. Mwalimu aliyesomea kazi hii anajua kwamba mtoto huyo hujifunza kwa kucheza. Kabla ya kumpa kalamu, atampa udongo afinyange, shanga atunge na mchanga achote, ili vidole vipate nguvu. Atamfundisha kuhesabu kwa vifuniko vya soda na vijiti, maana "tatu" ubaoni haina maana kwa mtoto ambaye hajashika vitu vitatu. Anajua kwa nini kipindi cha PP1 na PP2 ni dakika 30: mtoto hawezi kukaa kimya asubuhi nzima kama mzee wa kanisa. Na akimwona mtoto asiyeitika akiitwa, atashuku masikio kabla ya kumwita mkaidi.

Nimeketi katika madarasa ambako watoto wa miaka 4 wananakili ukurasa mzima wa herufi, wengine wakilia. Mwalimu anawapenda kweli. Anafanya tu vile alivyofanyiwa yeye, na wazazi wanamsifu wakiona daftari limejaa. Shida si moyo wake. Shida ni kwamba hakuna Prisila aliyemchukua kando.

3. "Na fimbo je?"

Nikifundisha jambo hili, lazima mtu aniulize kuhusu Mithali 13:24. Jibu langu ni hili. Katika Zaburi 23 fimbo ya mchungaji inamfariji kondoo, maana inamlinda na kumwonyesha njia. Waefeso 6:4 nayo inakataza kuwachokoza watoto. Mtoto wa miaka 4 anayejikojolea kwa hofu mlangoni mwa darasa hajapata malezi ya Bwana. Tena sheria ya nchi iko wazi: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko shuleni. Mwalimu aliyefundishwa ana njia nyingine za kutuliza darasa: wimbo, mpangilio wa siku unaojulikana, kazi ya mikono, na kusema na mtoto akiwa amechuchumaa, macho kwa macho. Asiyefundishwa akizidiwa, kilicho karibu naye ni mwiko wa uji.

4. Gharama ni ya kanisa

Hapa ndipo penye uzito. Mwalimu wetu hulipwa kidogo, na mwezi mwingine halipwi kabisa kwa sababu karo haikupatikana. Tukimwambia ajilipie chuo, tumemfungia mlango. Bwana alisema katika Luka 10:7 kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake.

Njia zipo. Tangu miaka ya 1980, nchi yetu ilikuwa na vituo vya DICECE katika wilaya, ambako mwalimu wa chekechea alisoma kwa miaka 2 huku akiendelea na kazi: likizo yuko masomoni, shule ikifunguliwa anarudi darasani na kutembelewa na mkufunzi. Hekima hiyo ingali nzuri, maana mwalimu anajaribu Jumatatu alichojifunza likizoni.

Tusione haya kujifunza kwa majirani pia. Yesu mwenyewe alitoa Msamaria awe mfano. Pale Mombasa, katika miaka ya 1980, jamii za Kiislamu zilitaka watoto wao wapate chekechea bora bila kuacha dini yao. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, Bi Swafiya Said alianza kuwafundisha wanawake wa mitaa ile ile, wakatumia vifaa vya mazingira yao, na wakafuatiliwa hadi darasani. Kazi hiyo ikafika Zanzibar na Uganda. Kama wao waliona chekechea ni jukumu la jamii ya imani, sisi tunangoja nini?

Napendekeza mambo manne:

• Kanisa lichague mwalimu mmoja kila mwaka na kulipa karo yake. Harambee ya vipaza sauti tunaiweza. Hii nayo tutaiweza.
• Kabla ya kulipa, tuulize ofisi ya elimu ya kaunti kama chuo kimesajiliwa na kama cheti chake kitakubaliwa na TSC. Wengi wameuziwa vyeti visivyofungua mlango wowote.
• Akiwa masomoni, mama au baba aliyestaafu ualimu asaidie darasa lake.
• Mshahara wake usitegemee karo ya wazazi peke yake. Uingie katika bajeti ya kanisa, kama umeme.

Timotheo alipokea imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na aliyajua Maandiko tangu utotoni. Katika mitaa yetu watoto wengi hushinda na mwalimu kuliko wanavyoshinda na mama. Kwa saa hizo, yeye ndiye Eunike wao. Tusimwache afanye kazi hiyo kwa kubahatisha.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Je, unalijua jina la mwalimu wa nasari ya kanisa lenu? Ulimwuliza lini anahitaji nini?
2. Prisila na Akila walitoa nini ili Apolo afundishwe? Sisi tunaweza kutoa nini?
3. Ni nani kati yetu ana ujuzi wa kumsaidia mwalimu huyo hata kabla hajaenda chuoni?

Tuombe
Bwana, uliyemjaza Bezaleli ujuzi, wajaze walimu wa watoto wetu. Utupe sisi mikono iliyo wazi, ili wasifanye kazi yako peke yao. Katika jina la Yesu, Amina.