Mshtuko wa Moyo Unapojirudia Katika Familia

Katika kliniki zetu huulizwa swali hili: "Je, kuna mwenye ugonjwa wa moyo katika familia yako?" Huulizwa kwa haraka, na hujibiwa kwa haraka: "Hapana, daktari." Mara nyingi jibu hilo si sahihi, ingawa mgonjwa hakusema uongo. Hakuna aliyemweleza baba yake alifariki kwa ugonjwa gani.

Tuchukue familia ya mfano kutoka Lemara, jijini Arusha. Baba alifariki alfajiri akiwa na miaka 51, baada ya kulalamika usiku kucha kuhusu kiungulia. Miaka kadhaa baadaye, mwanawe wa kwanza alianguka kazini akiwa na miaka 46. Msibani wengine walisema ni presha, wengine wakanong'ona kuwa ana mkono wa mtu. Mdogo wake, mwenye miaka 38, haumwi chochote. Kila mwezi humsindikiza mama yao kliniki ya kisukari, akakaa kwenye benchi akisubiri. Huyo aliyekaa kwenye benchi ndiye ninayetaka tumzungumzie.

Kwa wahudumu wa afya, napendekeza swali libadilishwe: "Ni nani katika ndugu zako wa damu aliyefariki ghafla? Alikuwa na umri gani? Alilalamikia nini siku ile?" Historia ya familia huwa na uzito mkubwa pale baba mzazi au kaka wa baba na mama mmoja alipopata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, au mama mzazi au dada kabla ya miaka 65. Kwa kuwa kwetu "baba" ni wengi, na "kaka" ni wengi zaidi, tuulize hadi uhusiano wa damu ueleweke. Baba mdogo na binamu waandikwe pia, ila uzito wao ni pungufu. Wala tusiamini mno sababu ya kifo inayotajwa. Tafiti zilizofanywa katika idara ya dharura mjini Moshi zimeonesha kuwa wagonjwa wengi wenye mshtuko wa moyo hupewa utambuzi mwingine hata wakiwa mbele ya tabibu. Sembuse aliyefia nyumbani.

Urithi wenyewe ni wa namna mbili. Ya kwanza ni kasoro ya jeni moja inayolifanya ini lishindwe kuondoa lehemu mbaya, ile ambayo maabara huiandika LDL, katika damu. Hukadiriwa kumpata takribani mtu mmoja kati ya 300 duniani, na kila mtoto wa mwenye kasoro hiyo ana nusu ya uwezekano wa kuirithi. LDL inayozidi 4.9 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, au uvimbe mgumu kwenye kano ya kisigino, itufanye tumshuku mtu huyo na kuwapima ndugu zake, watoto wakiwemo. Hapa chakula pekee hakitoshi. Dawa za jamii ya statini zinahitajika, na kwa kawaida ni za maisha yote. Kitunguu saumu na ndimu havina ubaya katika mboga, lakini havichukui nafasi ya statini.

Namna ya pili ndiyo ya wengi: jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, pamoja na chungu kimoja kilichowalisha wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu zaidi ya 55,000 wa Marekani na Sweden, ulionesha kuwa miongoni mwa waliorithi hatari kubwa, wale wasiovuta sigara, wasio na unene wa kupindukia, wanaofanya mazoezi na kula vizuri walikuwa na hatari ya chini kwa karibu nusu, wakilinganishwa na wenzao wenye urithi uleule walioishi kinyume chake.

Ushahidi mwingine ulitoka katika nchi yetu. Miaka ya 1960 mtafiti Mmarekani George Mann na wenzake waliwachunguza Wamasai wa Tanganyika, watu wa maziwa na nyama, wakawakuta na lehemu ya chini. Mwaka 1972 walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 waliokwisha kufariki. Kuta za mishipa zilikuwa na utando kama wa wazee wa Marekani, lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka hata damu ikapita bila shida. Watafiti walidhani kwamba sababu ni ukakamavu wa mwili. Sijasema nyama haina madhara. Ninasema babu alitembea kutwa nzima nyuma ya ng'ombe. Mjukuu hupanda bodaboda kutoka Lemara hadi soko la Kilombero, kisha hukaa dukani hadi jioni.

Basi yule wa miaka 38 apimwe leo shinikizo la damu, sukari, lehemu na mzunguko wa kiuno, wala asisubiri afike 50. Aache sigara, na ugoro pia, maana nao ni tumbaku. Atembee kwa mwendo wa haraka angalau dakika 150 kwa wiki. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ikiwemo ile ya kachumbari na nyama choma. Mafuta ya alizeti yachukue nafasi ya mafuta ya mgando. Asianze aspirini kila siku kwa ushauri wa jirani, kwani huweza kumsababishia kutokwa damu tumboni. Daktari ndiye aamue.

Akipata maumivu ya kubana kifuani yanayopanda taya au kushuka mkononi, pamoja na jasho jembamba, asisubiri kupambazuke. Kwa wanawake na wenye kisukari, kama mama yake, dalili pekee yaweza kuwa kukosa pumzi au uchovu wa ghafla. Mhudumu anayempokea afanye kipimo cha umeme wa moyo kabla ya kuandika dawa ya vidonda vya tumbo.

Na umri wa baba na wa kaka siku walipofariki, mama aliyeketi naye kwenye benchi anaufahamu. Aulizwe sasa, na jibu liandikwe katika faili la kijana.